Mguu usiouma: kwa mwenye kisukari aliyeambiwa aketi

Kama una kisukari na mguu mmoja umevimba, ukiugusa una joto kuliko mwenzake, na hauumi au unauma kidogo tu, acha kuukanyaga leo. Usingoje siku yako ya kliniki. Kwa ngozi zetu nyeusi usitegemee kuona wekundu; utaona ngozi imevutika na inang'aa, basi. Joto ndilo la kuamini. Weka mgongo wa kiganja kwenye mguu huu, kisha ule, mahali palepale.

Ninauza dagaa soko la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, kazi ya kusimama tangu maboti ya visiwani yanapoanza kushusha magunia. Kisukari ninacho kwa miaka mingi, na ganzi ya nyayo nilishaizoea kiasi kwamba kandambili ilikuwa ikinivuka njiani nagundua nimefika mbele. Ugonjwa ulionikuta unaitwa mguu wa Charcot. Jina ni la daktari Mfaransa, Jean-Martin Charcot, aliyeueleza mwaka 1868 kwa wagonjwa wa kaswende iliyofika kwenye uti wa mgongo. Kwamba kisukari nacho kinauleta iliandikwa baadaye sana, mwaka 1936. Pale sokoni tuko wengi wenye sukari, na sijakutana na aliyewahi kuusikia kabla ya mimi kuugua.

Unavyokuja ni hivi. Sukari ikikaa juu muda mrefu inaharibu neva za miguu. Maumivu yakishakosekana, mfupa mdogo wa katikati ya mguu unaweza kupata ufa kwa kujikwaa tu kwenye jiwe, na Mwanza hii mawe tunayo, wewe ukaendelea na safari zako. Damu nyingi inakimbilia pale, mifupa inalainika, viungo vinaachana, na kila hatua inasaga zaidi. Mwisho wake tao la mguu linaporomoka na unyayo unabinuka kwa chini kama tumbo la mtumbwi. Hapo palipobinuka ndipo panapobeba uzito wote, panachubuka, panafanya kidonda, na vidonda vya namna hiyo ndivyo vinavyowafikisha watu kwenye kukatwa mguu.

Zahanati ya kwanza niliyokwenda waliandika maambukizi, nikapewa antibiotiki. Ya pili walisema gauti. Siwashangai sana, kwa sababu magonjwa hayo yanafanana kwa macho, na picha ya eksirei ya siku za mwanzo inaweza kutoka safi kabisa huku mifupa imeshaanza kuharibika. Kwa hiyo picha safi isikufanye urudi kazini. Ninachokushauri ni kumrahisishia kazi anayekuhudumia. Mwambie kwa mpangilio: nina kisukari tangu mwaka fulani, nyayo zina ganzi, mguu umevimba na una joto, sina kidonda, sina homa, je, haiwezi kuwa Charcot? Kisha omba rufaa kwa daktari wa mifupa. Kama una kidonda, sema pia, maana mtu anaweza kuwa na Charcot na maambukizi kwa wakati mmoja, na maambukizi hayasubiri.

Rufaa yangu ilinipeleka hospitali ya Bugando, huko juu kilimani. Daktari alinigusa nyayo kwa uzi mfupi wa nailoni, wavuvi wangeutambua, unaopinda kwa uzito wa gramu 10. Nilifumba macho nikangoja aanze, kumbe alikuwa ameshamaliza. Akanifunga hogo, yaani plasta ngumu, kutoka kwenye vidole hadi chini ya goti, akaniambia: dawa ya ugonjwa huu ni kutokanyaga. Hakuna kidonge kinachochukua nafasi hiyo.

Sasa, kuketi. Watu hudhani ni kupumzika. Mimi nasema ni kazi, tena ya miezi, na kwa wengi inakaribia mwaka. Hogo linabadilishwa mara kwa mara, hasa mwanzoni, kwa sababu uvimbe unapungua na plasta inalegea. Plasta iliyolegea inachubua, na wewe huhisi. Usiseme "naona bado ni zima, nitakwenda mwezi ujao". Na ukisikia harufu, ukiona unyevu umetokeza, vidole vimekuwa vya baridi au vimebadilika rangi, homa imekushika, au sukari imepanda ghafla bila sababu, nenda siku hiyohiyo.

Nyumba yangu iko Igogo, juu kwenye miamba, ngazi za mawe hadi mlangoni. Kwa magongo haipandiki. Nilihamia kwa mdogo wangu Buhongwa, kwenye tambarare, na ningemshauri yeyote anayeishi Mabatini au Isamilo ya juu atafute ndugu wa chini mapema, kabla hajaanguka. Choo cha kuchuchumaa kilikuwa tatizo kubwa kuliko yote. Shemeji alichukua kiti cha plastiki, akakikata tundu la mviringo katikati, akasugua kingo kwa msasa, tukakiweka juu ya choo. Kinagharimu kidogo na kinafanya kazi vizuri. Kingine kilikuwa cha bafuni. Kwa kuwa mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu Juni 2019, ya kuvika hogo wakati wa kuoga unaweza kuihangaikia. Mimi nilitumia nailoni inayokuja na godoro jipya, nikaifunga kwa mpira juu ya goti, mguu ukiwa umeinuliwa kwenye stuli nje ya maji.

Mguu wa pili usiusahau, kwa maana sasa ndio unaobeba kila kitu. Hogo linaongeza kimo upande mmoja, hivyo upande wa pili unahitaji kiatu chenye soli nene ili nyonga zisiende mrama. Ukague kila jioni kama unavyokagua huo mgonjwa. Mwanangu mdogo ndiye alikuwa mkaguzi wangu. Ana macho, na anapenda kupewa madaraka.

Wageni ni mtihani. Atakuja mzee wako, tena kwa mapenzi, atakuambia amka utembee damu izunguke. Mjomba wangu aliniambia hivyo kila alipokuja. Kubishana na mjomba haiwezekani, kwa hiyo nilimpa karatasi ya hospitali nikamwomba anisomee, eti macho yangu hayaoni vizuri. Alisoma kwa sauti: asikanyage. Tangu siku hiyo akawa askari wangu, nikisimama kuchukua kikombe nagombezwa. Wengine watasema umekanyaga kitu ulichowekewa njiani. Imani za watu sibishani nazo, ila mguu huo usichanjwe, usikandwe, usichuliwe mafuta kwa nguvu, na usichovywe kwenye maji ya moto ya chumvi. Nyayo zenye ganzi zinaungua bila wewe kukunja uso.

Wageni haohao wataleta michembe. Jamani, michembe ni viazi vitamu vilivyokaushwa, na mtu aliyeketi kutwa hana pa kuupeleka wanga huo. Sukari yangu ilipanda nilipoacha kazi za kusimama, ikabidi daktari abadilishe dozi. Punguza tonge la ugali, ongeza mboga za majani, na kitoweo hapa kwetu si shida: dagaa, sato, furu ukipata. Pima sukari mara nyingi kuliko ulivyozoea, na uliza kipimo kile kinachoonyesha wastani wa sukari ya miezi 3. Mfupa hauungi vizuri kwenye sukari iliyochafuka.

Swali ninaloulizwa zaidi ni: utajuaje umepona? Kwa joto. Kile kipimajoto cha kuelekezea paji la uso, tulichokizoea enzi za Uviko, kinafaa pia kwa miguu. Keti kwanza, vua soksi, subiri miguu ipoe sawa, kisha pima sehemu zilezile za miguu yote miwili na uandike. Tofauti inayozidi nyuzi 2 ni onyo. Daktari wangu hakuondoa plasta hadi tofauti ilipokaa chini ya hapo wiki kadhaa mfululizo na picha ikaonyesha mifupa imeanza kushikana. Kisha nikaanza kwa kutembea ndani ya nyumba tu, dakika chache, nikipima jioni. Siku joto liliporudi, nilirudi kwenye kiti. Inaudhi, lakini mara nyingi ndivyo inavyokwenda.

Mguu wangu haukurudi umbo lake la zamani, umepanuka katikati, na viatu vya dukani havinikai. Fundi viatu wa Makoroboi amenitengenezea cha ngozi laini, kipana, chenye kina kwa ndani, soli ngumu isiyopinda, bila mshono unaogusa vidole. Si bei ya yeboyebo, ila nimevivaa hadi harusini. Nikumbushe tu kwamba kabla ya kuvaa unaingiza mkono ndani ya kiatu. Nimeshatoa humo kokoto, mfupa wa sangara na sarafu ya shilingi 50. Pekupeku siendi hata ndani ya nyumba, na mchanga wa ufukweni saa saba mchana nimewaachia wenye neva zao.

Sokoni nimerudi, lakini kwa kukaa kwenye stuli. Kijana ananipangia magunia na mimi nashika daftari. Kipato kimepungua kwa sababu namlipa, na hesabu hiyo nakushauri uifanye mapema pamoja na familia, kabla ya kufungwa hogo, ikiwa ni pamoja na kuangalia bima yako inalipia nini na kuacha nini.

Na usafiri: chukua bajaji ukiweza. Ikibidi bodaboda, kumbuka bomba la moshi kwa pikipiki nyingi liko kulia, na shavu la mguu lenye ganzi linaweza kuegemea pale hadi linukie. Panda na ushuke kushoto.