Mukono wa papa unatetemeka: najibu maswali yenu juu ya Parkinson

Tangu niseme hapa kama baba mukwe wangu, fundi cherehani wa Kadutu hapa Bukavu, alikuwa na Parkinson, ule ugonjwa wa ubongo, mesaji zenu hazikatiki. Miye niko infirmie tu, basi bale banaomba niwaandikie dozi, hapana, muende muone munganga. Zingine hizi tuzione pamoja.

Papa iko na miaka 63. Mukono wa kuume unatetemeka akikaa anaangalia televizyo, lakini akishika glasi unatulia. Bajirani banasema ni pombe, shangazi anasema balimuroga. (Mama wa Panzi)

Mama, hapo kwa glasi njo umesema kitu kikubwa. Kutetemeka kwa Parkinson kunakujaka wakati mukono umepumzika, mara mingi kunaanza upande moja, na kidole gumba kinajisugua na cha shahada sawa mutu anaviringisha kidonge. Ya pombe haiko vile, ile inashika mikono yote mbili na zaidi asubuhi kabla mutu hajakunywa. Lakini usiangalie kutetemeka peke yake. Kufunga vifungo vya shati kunamuchukua dakika ngapi siku hizi? Akitembea, mukono moja unabembea na mwingine umeganda? Maandishi yake yamekuwa madogo madogo? Kuwa polepole njo alama yenyewe, na kuna bagonjwa wengi tu hawatetemeki hata kidogo. Baba mukwe tulianza kumuona ku matundu ya vifungo: yeye mwenye alikuwa anayamaliza huku anapiga stori, akaanza kukaa juu ya shati moja paka saa ya chakula, sisi tukasema uzee. Mbele ya hapo alikuwa ameacha kusikia harufu ya samaki sambaza zikikaangwa na tulikuwa tunamucheka, kumbe pua inaweza kuonya miaka mingi kabla ya mukono.

Ndani kabisa ya ubongo kuna seli za rangi nyeusi zinatengeneza dopamine, kitu kinachosaidia ubongo kuendesha miendo ya mwili. Zile seli zinakufa moja moja, na siku mukono unaanza kucheza, sehemu kubwa ilisha kwenda. Juu ya kuroga: daktari James Parkinson wa London aliandika juu ya bagonjwa 6 wa namna hii mu 1817, shangazi atafute mulozi wa zamani kidogo. Na musikimbilie kuuza mbuzi ya kulipa skana, ile picha ya ndani ya kichwa. Munganga mwenye anajua anaitambua kwa macho na mikono: anakunja kiwiko cha mugonjwa, anamuambia agonge vidole, anamutembeza mu koridoo. Skana ni ya kutafuta magonjwa mengine.

Miye natetemeka nikimimina chai tu, tangu ujana, na mama yangu vile vile. (Kijana wa Bagira)

Yako ni kinyume ya ya papa wa Panzi, unatetemeka ukifanya kazi, si ukipumzika, na iko mu familia. Inafanana na ule mutetemeko wa kurithi wenye hauna shida ya dopamine. Onyesha munganga, lakini lala usingizi.

Muzee wetu anakwama mulangoni, miguu kama imepigiliwa misumari, lakini ngazi za kupanda ku nyumba anazipanda muzuri! Anatuchezea?

Hapana, hapana, hapana. Hili swali linaniuma juu sisi pia tulimukaripia yetu bure. Bukavu hii yenye ni milima na ngazi, baba mukwe alikuwa anapanda kutoka barabarani bila kusimama, kisha anafika ku mulango wa sebule, mahali pa tambarare kabisa, anaganda. Kutembea pa tambarare ubongo unakufanyiaka peke yake bila wewe kufikiri, na hiyo njia njo imeharibika. Ngazi inakuonyesha pa kuweka muguu, ubongo unapita njia ingine. Basi mumupe ngazi za uongo! Sisi tulibandika skochi nyeupe chini mulangoni, mistari mitano, hatua kwa hatua, na alikuwa anaikanyaga anavuka. Kama hakuna skochi, muhesabie moja mbili moja mbili sawa paredi, ao weka muguu wako mbele ya wake aruke. Musimuvute mukono, ataanguka, na musimupigie kelele "twende!", inamukwamisha zaidi.

Balimuandikia mama levodopa (dawa ya Parkinson, inageuka dopamine ku ubongo), inamutapisha na haifanye kazi, tumeacha.

Musiache gafla, kuikata mara moja kunaweza kuleta homa na mwili kukakamaa vibaya sana, murudi kwa munganga leo. Kisha niambie anaimezaka saa gani. Juu kama ni pamoja na bugali na maharagwe ao nyama, basi protini ya chakula na dawa vinagombania mulango moja wa kuingilia, na dawa njo inashindwa. Nusu saa ao saa moja kabla ya kula, saa zile zile kila siku. Kama tumbo linakataa, kipande kidogo cha mukate kinatosha.

Na kutapika: farmasi moja ilitupatia metoklopramide, ile ya kichefuchefu yenye inauzwa kila mahali, siku tatu muzee akawa kama mbao. Ile dawa inafunga njia ya dopamine, mugonjwa wa Parkinson hatakiwi kuigusa. Andikeni jina lake nyuma ya karte ya mugonjwa.

Kuna mutu anauza unga wa upupu sokoni, anasema unaponesha Parkinson.

Hajadanganya yote. Mbegu za upupu ziko na levodopa ya kweli. Lakini kijiko cha leo na cha kesho haviko na nguvu sawa, na kama tayari anameza vidonge utamuzidishia, ataanza kujinyonganyonga mwili. Kuponesha, hakuna kinachoponesha, hata vidonge vinapunguza tu.

Mutoto wangu aliamuka miguu imekakamaa, anatembelea vidole. Ni Parkinson? (Burhinyi)

Mama, hiyo mupeleke haraka, na umuambie munganga neno konzo. Parkinson inakuja pole pole na zaidi kwa bazee, konzo inapiga gafla, miguu yote mbili, batoto na bamama. Jina ni la Kiyaka, maana yake miguu iliyofungwa, kule Kwango, magharibi ya Kongo, daktari Trolli aliiandika mu 1938, na kwenu Burhinyi ilisha onekana pia. Inatoka ku muhogo muchungu haukulowekwa ya kutosha, na chakula hakina protini. Loweka siku tatu, anika muzuri, ongeza maharagwe. Haiendelei kila mwaka sawa Parkinson, lakini miguu hairudi yote.

Papa anaona haya, hatoki tena hata kwenda misa.

Muhammad Ali, yule mupiga ngumi mwenye Kinshasa yote iliimba jina lake usiku wa 30 Oktoba 1974, balimuambia ana Parkinson mu 1984. Mu 1996 kule Atlanta aliwasha moto wa Olimpiki mukono unatetemeka, dunia nzima inaangalia. Alikufa mu 2016, hesabu miaka.

Yetu tulikuwa tunamupeleka misa ya kwanza, batu ni kidogo, dawa imekwisha kushika. Chai ya kisha tunamumiminia nusu kikombe, na sisi wote mezani tunakunywa nusu kikombe.