Toa huyo nyenje chupani, sasa hivi

Wewe wa Nakuru uliyeuliza vunjajungu wako ale nini, utajuaje kama ni dume au jike, na kama ana sumu: acha kusoma, nenda utoe huyo nyenje kwanza. Kisha urudi.

Umeandika mwenyewe kwamba siku ya tatu hii vunjajungu wako hataki kula, ananing'inia tu kichwa chini, na vibawa vimevimba mgongoni. Huyo si mgonjwa, anataka kujivua ngozi. Na vibawa vikivimba hivyo ni mara ya mwisho. Akitoka hapo ana mabawa kamili. Sasa wewe umemfungia na mdudu mwenye meno ati apate hamu!

Nina uchungu. Wangu nilimtoa kwenye ua huku Kisumu, hajafika hata urefu wa ukucha. Ni hawa vunjajungu wa kijani wa jamii ya Sphodromantis, ambao jike hufika sentimita 8 hivi. Miezi minne nikamlea kwa nzi. Alipogoma kula, jamaa mmoja mtaani anayejifanya daktari wa wadudu akaniambia, "Mwachie nyenje, njaa ikimbana atakula." Huyo hajawahi kufuga hata kiroboto. Nikaacha wawili, nikalala.

Asubuhi nikamkuta nusu yake ingali ndani ya ngozi kuukuu, mwili laini kama uji ulioganda, mguu wa nyuma umetafunwa hadi kwenye goti. Nyenje mmoja yuko pembeni anasafisha masharubu. Mwindaji kaliwa na kitoweo! Nyenje niliwatupia kuku. Yule mshauri, kuku wangu hawamwezi.

Akikataa kula, usimwachie chochote chenye uhai. Chochote! Hata nzi anaweza kumgonga akaanguka, na akianguka katikati ya kujivua, miguu na mabawa hukauka yakiwa yamepinda. Na hiyo chupa ya kioo inateleza: mwekee kipande cha chandarua juu ashike, chini yake pawe wazi mara tatu ya urefu wake. Mnyunyizie maji kidogo. Akishatoka, ngoja siku mbili mwili ukakamae ndipo umpe nzi.

Sumu hana. Na wanaosema ukimgusa utavunja chungu, mimi nimevunja kikombe kimoja tu, na kilikuwa na ufa.

Umemtoa? Weka picha ya chupa tuone.