Siku ya tatu si Jumatatu: kwa mdogo wangu anayekwenda kusoma seminari ya Kiyahudi Yerusalemu

Wiki yangu ya kwanza Yerusalemu nilifika darasani siku moja kabla ya kipindi. Ratiba ilikuwa ya Kiebrania, nami kwa Kiebrania changu cha kuungaunga nikasoma "yom shlishi", siku ya tatu. Siku ya tatu kwetu si Jumatatu? Nikajikokota na Gemara kubwa kifuani, kitabu cha mijadala ya marabi wa kale, nikakuta mlango umefungwa. Wayahudi huanza kuhesabu siku Jumapili, sisi Waswahili Jumamosi, kwa hiyo siku yao ya tatu ni Jumanne yetu. Ongeza moja kila mara, isipokuwa Alhamisi. Jina hilo tulilitoa kwa Waarabu, nao huhesabu kama Wayahudi, basi "yom hamishi" ni Alhamisi ileile.

Mdogo wangu, unaondoka Nairobi mwaka huu kwenda kusoma huko, na kila ukinipigia unaniuliza habari za koti. Koti beba. Mji uko mlimani, kama mita 800 juu ya usawa wa bahari, na mvua ya Januari ina baridi ya kuingia kwenye mifupa. Hayo ya koti yameisha.

Usiyouliza ni habari ya saa, na hapo ndipo Mswahili ana bahati. Mlango wa kwanza kabisa wa Mishna, mkusanyo wa kale wa sheria za Kiyahudi, katika kitabu cha Berakhot, unauliza sala ya Shema isomwe lini. Rabi Yehoshua anasema ya asubuhi mwisho wake ni saa tatu, kwa kuwa watoto wa wafalme huamka saa tatu. Wenzangu kutoka Marekani walitoa kalamu wakaanza kukokotoa, saa tatu kutoka wapi? Mimi nilikwisha elewa: saa tatu ni saa tatu, jua limeshapanda. Siku yao nayo huanza jua linapozama, kama vile wazee wa Pwani wakisema usiku wa Ijumaa huwa wanamaanisha ule wa kuamkia Ijumaa. Ila usijisahau. Kwetu karibu na ikweta mchana una urefu wa saa kumi na mbili mwaka mzima. Kule saa za sheria hupatikana kwa kugawa mchana mara kumi na mbili, uwe mrefu au mfupi, hivyo saa ya Juni hufika kama dakika 70 na ya Desemba hupungua hadi kama 50. Kuna kalenda ya nyakati ukutani kwenye kila sinagogi, ipige picha.

Sasa ukumbi wa masomo, bet midrash. Wewe na mimi tulisoma shule ambayo kiranja aliandika majina ya wapiga kelele. Huko kelele ndiyo masomo yenyewe. Watu hukaa wawiliwawili, kila mtu na havruta wake, yaani mwenzi wa kusoma, na kuanzia asubuhi hadi chakula cha mchana mnabishana juu ya ukurasa mmoja: Gemara katikati, maelezo ya Rashi upande wa ndani, maelezo ya Tosafot upande wa nje, hakuna irabu wala nukta, na sehemu kubwa ni Kiaramu. Ukurasa unaweza kula wiki nzima. Usione haya. Na maneno mengine yatakupokea kama jamaa: nefesh ni nafsi, kever ni kaburi, heshbon ni hesabu, malakh ni malaika.

Kosa langu lilikuwa adabu. Havruta wangu alikuwa binti Mmarekani mwenye ulimi mwepesi, na kila alilosema nililiitikia, "ndiyo, ni kweli". Wiki ya tatu mwalimu akasimama nyuma yetu, akasikiliza kidogo, akaniuliza, "Na wewe utaanza kusoma lini?" Niliumia, sikudanganyi. Kisha tukafika kwenye kisa cha tanuri la Akhnai, katika Gemara ya Bava Metzia, ukurasa 59b (tanur, ndiyo, tanuri letu hilohilo). Marabi wanabishana kama tanuri linapokea unajisi. Rabi Eliezer analeta miujiza, mti unang'oka, maji yanarudi nyuma, sauti inatoka mbinguni kumuunga mkono, na Rabi Yehoshua anasimama na kusema: Torati haiko mbinguni. Sasa kama mtu anaweza kuibishia mbingu, mimi namwogopa binti wa watu kwa nini? Nilipomwambia kwa mara ya kwanza kwamba amekosea, alifurahi kuliko siku zote. Kumwita mwalimu kwa jina lake tupu kama wenzangu, hilo lilinishinda hadi mwisho. Nilimwita "mora", mwalimu, na hakuna aliyenilaumu.

Ijumaa ya kwanza king'ora kililia nami nikashuka ngazi mbiombio bila viatu hadi kwenye handaki la kujikinga. Nilikuwa peke yangu. Yerusalemu hupiga king'ora kutangaza Sabato inaingia, wakati wa kuwasha mishumaa, dakika 40 kabla ya jua kuzama. Hicho ni mlio mmoja ulionyooka. Cha hatari hupanda na kushuka. Jifunze tofauti siku ya kwanza, na siku hiyohiyo uliza handaki, miklat, liko wapi. Kisha mweleze Mama kwa utulivu kwamba simu yako itazimwa tangu Ijumaa jioni hadi Jumamosi usiku. Mimi sikumweleza, naye alikuwa ameona taarifa ya habari. Unakumbuka.

Utaalikwa Sabato nyumbani kwa watu usiowajua, kubali. Lakini usipeleke chakula cha mkono wako. Nilipeleka mandazi, mama mwenye nyumba akayapokea kwa tabasamu, akayapandisha juu ya kabati, na huko yakabaki, kwani hakujua sufuria yangu imepikiwa nini. Peleka maua kabla jua halijazama, au chupa iliyofungwa yenye muhuri wa kosha, yaani halali kwao.

Kunawa kabla ya mkate hakutakusumbua. Ni kikombe chenye mikono miwili badala ya jagi na beseni la shangazi. Kitakachokusumbua ni chai. Nyama na maziwa havichanganywi: ukila nyama, wengi husubiri muda wa saa sita kabla ya kugusa maziwa, na chakula cha mchana pale kilikuwa kuku karibu kila siku. Nikahamishia chai yangu asubuhi, baada ya sala, maziwa tele na tangawizi, kwenye sufuria niliyoiandika "maziwa" kwa rangi. Bebea majani ya Kericho nusu kilo, pakiti isifunguliwe. Beba kilo ikiwa havruta wako ataonja.