Barua kwa mwanangu kuhusu mvi za mapema

Tanga

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Barua yako nimeipata na nimeisoma kwa utulivu. Umeniuliza kama ipo dawa ya asili ya kurudisha weusi wa nywele, kwa kuwa una miaka 26 tu na mvi zimekwisha kukutoka kwenye paji na juu ya masikio, na wenzako kazini huko Dodoma wanakushauri upake maji ya kitunguu. Nakujibu kama mama na kama mtu aliyeifanya kazi ya uuguzi hadi kustaafu. Njia ya asili ya kuzifunika ipo, tena ni nzuri, lakini kabla hujazifunika nataka upimwe damu.

Weusi wa unywele hutengenezwa kwenye shina lake, ndani ya ngozi, na seli zinazotoa rangi iitwayo melanini. Seli hizo zikipungua au zikiisha, unywele huendelea kukua lakini hutoka bila rangi. Ukishachomoza nje hauna uhai tena, na kwa hiyo kitunguu, habasoda au mafuta yoyote unayopaka juu hayawezi kuurudishia melanini. Mafuta ya nazi endelea kuyatumia, kwani huingia ndani ya unywele na kuupunguzia kukatika, ila yanautunza tu, hayaubadilishi rangi. Kitunguu kiache, kitakuwasha ngozi bure. Wala usizing'oe hizo chache ulizo nazo. Kung'oa hakuongezi mvi kama wanavyosema watu, lakini huumiza shina, na nywele zetu za kujikunja zikiota tena huweza kuingia ndani ya ngozi na kuleta vipele.

Wataalamu wa ngozi huhesabu mvi za Mwafrika kuwa za mapema zikitokea kabla ya miaka 30, wakati kwa Wazungu ni kabla ya 20. Zako basi ni za mapema kweli, sikufichi. Sababu kubwa kuliko zote ni urithi. Baba yako aliponioa alikuwa hajafika miaka 30 na tayari alikuwa na mvi kichwani, na shangazi zako wawili walikuwa hivyo hivyo, wote wazima wa afya. Ikiwa umeirithi hali hiyo, hakuna jani wala kidonge kitakachoizuia, na yeyote atakayekuuzia chupa kwa ahadi hiyo anakula pesa yako.

Lakini kuna jambo katika barua yako lililonishughulisha zaidi ya mvi zenyewe. Umesema tangu ulipokuwa chuoni hujala nyama, samaki wala mayai, maziwa huyapendi, na siku hizi unachoka mapema na vidole vya miguu vinakufa ganzi. Mwanangu, vitamini B12 hupatikana katika vyakula vya wanyama: maini, nyama, samaki, dagaa, mayai na maziwa. Maharage na mchicha ni chakula bora, ila havina vitamini hiyo. Ini huiweka akiba kwa miaka kadhaa, na ndiyo sababu mtu huweza kuacha vyakula hivyo muda mrefu asione lolote, kisha dalili zikaanza kujitokeza taratibu: uchovu, ganzi, ulimi kuuma, usahaulifu, na kwa baadhi ya watu mvi. Upungufu huu ni miongoni mwa sababu chache za mvi ambazo zikitibiwa, weusi huweza kurudi kwa nywele zinazoota upya. Usianze kumeza vidonge vya foliki asidi kwa kudhani damu imepungua tu, kwa maana foliki asidi peke yake huweza kurekebisha damu huku mishipa ya fahamu ikiendelea kuharibika kwa kukosa B12. Mwambie daktari apime wingi wa damu, B12, madini ya chuma na tezi ya shingo, maana tezi hiyo nayo ikienda mrama huweza kuleta mvi.

Kuhusu mawazo, ambayo pia umeyataja, si maneno ya wazee tu. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard walionyesha kwa panya kwamba msongo mkali huzimaliza seli za akiba ambazo huzaa seli za rangi kwenye shina la unywele. Mwaka uliofuata wenzao wa Chuo Kikuu cha Columbia, waliochunguza nywele za watu wachache, waliona baadhi zikirudia weusi msongo ulipopungua. Mmoja wa waliochunguzwa alikwenda likizo, na nywele zake tano zikawa nyeusi tena. Tano si kichwa kizima, kwa hiyo pumzika kwa ajili ya afya yako, usipumzike kwa kusubiri mvi ziondoke.

Sasa nije kwenye hina. Chukua unga safi wa majani ya mhina, wenye rangi ya kijani na harufu ya majani makavu, uukoroge kwa maji ya uvuguvugu na ndimu mpaka uwe mzito kama uji wa mtoto, kisha uufunike uchachuke kwa saa kadhaa. Jaribu kidogo nyuma ya sikio na usubiri siku mbili. Kama ngozi haikuwasha, paka kwenye nywele zilizooshwa, funga mfuko wa nailoni na kilemba juu yake, ukae saa tatu hivi, kisha usuuze. Mvi zitakuwa na rangi ya chungwa siku ya kwanza, na zitakolea kuelekea kahawia kesho yake. Ukitaka weusi, baada ya hina paka unga wa majani ya mnili, si ile nili ya kufulia nguo, uliokorogwa kwa maji matupu na kupakwa papo hapo bila kuchachuka.

Hina safi haitoi weusi peke yake. Ukiona dukani imeandikwa hina nyeusi, au mtu akikuletea piko, ujue mara nyingi imetiwa kemikali iitwayo PPD. Nimepokea mabibi harusi waliovimba uso hadi macho kufunga, na wengine wenye malengelenge kichwani, kwa sababu ya unga huo, na aliyekwisha kudhurika nao mara moja hudhurika vibaya zaidi akiugusa tena. Nakusihi usiuguse. Na hata hina safi usimpake mwana wa dada yako, kwani kuna watoto ambao damu yao, kwa upungufu wa kurithi uitwao G6PD, huvunjika wakipakwa.

Majibu yakitoka nitumie picha ya karatasi nzima, nivione viwango vyenyewe. Wiki ijayo nitakupelekea kwa basi unga wa hina pamoja na dagaa wakavu, na dagaa uanze nao hata kabla ya hina.

Mama yako