Kompyuta yenye RAM ndogo: chagua mfumo wa faili ukifikiria siku ya kuukarabati

Wadogo zangu mnaoingia kwenye kazi ya kufufua kompyuta zilizotumika hapa Mwanza, kuna uamuzi mmoja mnaoufanya haraka sana wakati wa kuweka Linux, kisha mwenye mashine anaishi nao miaka: mfumo wa faili, yaani utaratibu ambao diski hupanga na kukumbuka faili zake. Wengine huacha uliopendekezwa, wengine huubadilisha kwa sababu wamesikia kwamba mifumo mingine, Btrfs au XFS, ni ya kisasa zaidi. Nawaomba mwanze na swali jingine. Umeme ukikatika katikati ya kazi na diski ikavurugika, je, mashine hii yenye GB 1 au 2 za RAM itaweza kujikarabati kwa RAM hiyohiyo iliyo nayo?

Hapa kwetu swali hilo lina uzito. Radi za usiku kutoka ziwani tunazijua, na umeme wa Igoma au Buhongwa ukikatika haupigi hodi. Kompyuta ya mezani isiyo na UPS (betri ya akiba) inazimika papo hapo. Tena mashine nyingi tunazoandaa haziishii mjini. Zinavuka maji kwenda Ukerewe, zinakwenda Sengerema, zinakaa kwenye ofisi ya mwalimu ambaye jirani yake hakuna fundi. Ukimwekea mfumo wa faili ambao ukiharibika unadai kompyuta kubwa kuliko yake, umemlazimisha afunge mashine kwenye boksi apande meli kuja mjini.

Programu ya ukarabati hujenga ndani ya RAM picha ya mpangilio wa diski: faili zipi zipo, zimekaa wapi, nafasi ipi iko wazi. Faili zikiwa nyingi, picha hiyo inanenepa. xfs_repair, inayokarabati XFS, kwa kawaida hujipimia kwa RAM iliyopo na inaweza kuchukua hadi robo tatu yake; kwenye diski kubwa yenye mamilioni ya faili, mahitaji yake yanaweza kuizidi mashine ndogo. Programu ya kukagua Btrfs nayo inakula sana. e2fsck, inayokarabati mfumo wa ext4, haiko bure: saraka (folda) zikiwa nyingi, au faili moja ikipewa majina mengi kama zinavyofanya baadhi ya programu za kutunza nakala, nayo hupanda. Lakini imeachiwa mlango. Katika /etc/e2fsck.conf, chini ya kichwa cha [scratch_files], unaielekeza saraka iliyo kwenye diski nyingine ili ihamishie huko sehemu ya hesabu zake. Itakwenda polepole, ila itamaliza.

Msilichukue hili kwa maneno yangu tu. Chukueni diski iliyojaa kazi halisi ya mteja, msiipachike (mount), kisha mpige e2fsck -fn -tt juu yake. Haibadilishi kitu, na inaonyesha RAM iliyotumika kila hatua. Kwa XFS, xfs_repair -n -vv -m 1 itawaambia inahitaji kiasi gani. Fundi aliyepima habishani.

Kwa hiyo mashine yenye GB 2 kushuka chini mimi naiwekea ext4. Ilihesabiwa kuwa imara kuanzia keneli (kiini cha Linux) 2.6.28, Desemba 2008, na karibu kila flashi ya uokoaji ya Linux utakayoazimwa na mwenzako inaijua. XFS ilizaliwa katika kampuni ya Silicon Graphics kwa ajili ya mashine kubwa, na kampuni ya Red Hat walipoifanya chaguo la kwanza katika toleo la 7 la Linux yao mwaka 2014 walikuwa wanafikiria seva. Zaidi ya hapo, sehemu ya diski yenye XFS unaweza kuikuza, kuipunguza huwezi. ZFS, mfumo mwingine wa faili, msiilete kabisa kwenye mashine ndogo: ina akiba yake inayoitwa ARC, ambayo kwenye Linux kwa miaka mingi iliruhusiwa kufika nusu ya RAM.

Btrfs inastahili maneno zaidi, maana ina uzuri wa kweli. Fedora Workstation, Linux ya kompyuta za kawaida, waliifanya chaguo lao la kwanza mwaka 2020, toleo la 33. Inahakiki data yenyewe, wakati ext4 inahakiki taarifa za mpangilio tu, na inaweza kubana faili kwa mbinu ya zstd ili zichukue nafasi ndogo. Studio ya picha yenye kompyuta ya GB 8 na diski mbili ningeiwekea Btrfs bila kusita. Ila ikijaa hadi pomoni inaweza kukataa hata kufuta faili, na laptopu ya wanafunzi yenye GB 32 za hifadhi itajaa tu.

Jambo moja huwatisha wageni bure. Ukipiga amri ya free utaona RAM karibu yote imeshikwa, ukadhani mfumo wa faili umeila. Keneli hutumia RAM iliyolala kushikilia faili zilizosomwa karibuni, na huiachia programu zikiihitaji. Soma safu ya available, inayoonyesha RAM ambayo programu bado zinaweza kuipata. Tofauti ipo kwa mashine za biti 32: hata ukiziongezea RAM, keneli hutunza taarifa za faili katika eneo la chini la takriban MB 896, kwa hiyo faili nyingi ndogondogo huzichosha mapema.

Ukishaweka ext4, ipachike kwa noatime ili kusoma faili kusizae maandishi kwenye diski. Kwenye sehemu ya diski yenye data peke yake, tune2fs -m 1 inarudisha sehemu kubwa ya ile asilimia 5 inayotengwa kwa msimamizi. Diski ya GB 500 inashikilia GB 25 hapo. Sehemu ya mfumo iacheni na akiba yake. Weka pia tune2fs -c 30, mashine ijikague kila ikiwashwa mara thelathini, na umweleze mwenyewe kwamba siku hiyo itachelewa kuwaka, asiizime. Kwa RAM, washa zram, inayobana data ndani ya RAM yenyewe, kabla ya kufikiria swapu (eneo la diski linalosaidia RAM) kwenye diski iliyochoka.

Msiizime shajara ya ext4 kwa ajili ya kasi. Ni kama daftari la duka: mabadiliko ya mpangilio wa faili huandikwa pale kwanza, kwa kawaida kila sekunde 5, ili umeme ukirudi mashine ijue ilikuwa imefika wapi. Haiokoi kila kitu. Maandishi mapya ya faili yanaweza kukaa kwenye RAM hadi sekunde 30 hivi, basi mfundisheni karani wa soko la Mwaloni akihifadhi hesabu za dagaa apige sync, amri inayosukuma maandishi hayo hadi kwenye diski, au asubiri kidogo.

Flashi za steshenari za Nyegezi ni habari nyingine, kwa kuwa zinahama kutoka Windows hadi Linux siku nzima. Tumieni exFAT, au FAT32 kama hakuna faili linalofika GB 4. Hazina shajara, kwa hiyo hakuna kuchomoa kabla ya kuziondoa kwa utaratibu.