Shangazi, nilifata katiba, mbona silali?

"Shikamoo shangazi. Mimi ni mhazini wa kikundi cha akina mama kanisani kwetu. Tuna mfuko wa kuzikana, kila mwezi elfu tano, na katiba inasema ukikaa miezi mitatu mfululizo hujalipa hupewi kitu. Mwezi uliopita mwenzetu kafiwa na mumewe. Zamani alikuwa analipa vizuri tu ila hapa karibuni alifikisha miezi minne. Viongozi wakanipigia, nikasema katiba ni katiba, wakaniunga mkono. Jirani zake Waislam ndo waliochanga. Tangu siku hiyo kanisani haji na mimi usingizi sipati. Nikimwomba radhi si kila mtu atakuja kudai? Nimekosa wapi? Mhazini, Tomondo."

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikaiweka chini nikaenda kubandika chai kwanza, maana ningekujibu na hasira na hasira yenyewe wala si yako peke yako, ni ya wote mliokuwa kwenye simu ile.

Kikatiba hujakosa, na sheria kama hizo zina sababu yake. Mie mwenyewe nlikuwa kwenye kikundi cha kuzikana enzi hizo, sheria hatuna, mtu analipa akijisikia, siku tulofiwa kweli tukafungua kisanduku tukakuta elfu kumi na mbili na kifungo cha shati. Kifungo! Basi sikwambii uchane katiba.

Ila nikuulize, mume aliumwa muda gani? Hujaandika, na nahisi hujaandika kwa sababu hukuuliza. Mtu alokuwa akilipa kila mwezi alafu ghafla anakata, kuna kitu kimeingia nyumbani, ile elfu tano ishakuwa dawa, ishakuwa nauli ya daladala kwenda na kurudi kumtizama mgonjwa. Yaani daftari lako lilikuwa linakwambia miezi minne nzima kwamba mwenzenu ana shida, wewe ukasoma deni. Hapo ndo ulipokosa mwanangu, siku ya msiba ilikuwa mwisho wake tu.

Unaijua ile habari ya Mathayo 12, wanafunzi wana njaa wanavunja masuke siku ya Sabato, Mafarisayo wakaja juu. Yesu akawakumbusha Daudi alivokula mikate iliyokuwa ya makuhani peke yao, akawaambia kama mngelijua maana ya "nataka rehema, wala si sadaka" msingewalaumu wasio na hatia. Sisi tukiisoma tunamtizama Daudi tu. Mtizame kuhani Ahimeleki, kwenye 1 Samweli 21, maana yeye ndo alokuwa kwenye kiti chako. Mikate iko chini ya mkono wake, sheria anaijua kuliko Daudi, na mwenye njaa kasimama mbele yake. Hakusema sheria hakuna. Alitaka tu kujua kama vijana wamejitenga na wanawake, kisha akatoa mkate. Alitafuta njia ya kutoa! Wewe ulipopigiwa simu ulitafuta ukurasa wa kukataa, na uliupata, maana wa kukataa siku zote haukosekani.

Na sisi watu wa Unguja tusijifanye hatujui daftari safi linaweza kuficha nini. Pale Mkunazini mjini, kabla ya kujengwa lile kanisa kuu la Anglikana, palikuwa na soko la watumwa, na biashara ile ilikuwa halali, ina ushuru wake, watu wanahesabiwa kama magunia ya karafuu, mpaka Sultani Barghash alipotia saini mwaka 1873 soko likafungwa. Altare tunaambiwa iko palepale walipokuwa wanachapwa. Sikufananishi na wafanyabiashara wale, Mungu aniepushe, nasema tu hesabu kukaa sawa hakujawahi kuwa ushahidi kwamba mtu katendewa haki.

Sasa nenda. Usingoje arubaini, usiende na ujumbe wa watu sita wenye vitenge vya sare, nenda peke yako. Bahasha usiitangulize, ataona umekuja kununua usingizi wako. Na neno katiba lisikutoke mdomoni, hata akilianzisha yeye. Sema "nilikukosea, sikukuuliza hali", basi, kisha nyamaza, akilia mwache alie, akikutukana kaa utukanwe. Ukikuta vyombo havijaoshwa, osha.

Na ukitoka kwake pita kwa wale jirani ukawashukuru. Mikeka yao ndo watu walokalia, hela zao ndo zilomzika Mkristo mwenzako, na hakuna aliyeuliza mjane alilipa miezi mingapi. Utaona haya, najua. Kaone haya.

Hilo la kila mtu atakuja kudai, sidhani. Nani anafiwa kwa makusudi? Peleka mkutanoni jambo dogo tu, mtu akikosa mwezi wa kwanza mmoja wenu aende kwake kwa mguu, si meseji kwenye grupu, ajue kuna nini. Akiwa ana mgonjwa deni lisimame mpaka mambo yatulie. Akiwa anazo na hataki kulipa, haya, hapo fata katiba yako na mie nitakuunga mkono. Na ile hela ya msiba apewe yote, mukate hiyo elfu ishirini yenu kama roho zitawauma sana. Wakibisha waulize mfuko ulianzishwa uzike nani.

Nenda asubuhi, kabla jua halijawa kali. Asipofungua mlango usigonge sana, rudi kesho yake.