Chumba chenye roshani melini: tuchague kipi?

SWALI: Mimi na mume wangu ni wastaafu wa hapa Iringa. Binti yetu anatulipia safari ya meli ya kitalii kwenye Bahari ya Mediterania, kuanzia Barcelona, na ametutumia ramani tuchague chumba chenye roshani. Mzee hutapika hata kwenye kona za Kitonga. Tuangalie nini?

JIBU: Shikamoo, mama. Kwa hali ya mzee, anzeni na mahali chumba kilipo. Mawimbi huinua omo na tezi, yaani mbele na nyuma ya meli, kwa kupokezana, ila katikati ya meli, sitaha (ghorofa) za chini, mtikisiko ni mdogo. Ni kama kukwepa kiti cha nyuma cha basi. Chukueni sitaha ya chini kabisa yenye roshani.

Hapo kuna mtego. Mara nyingi sitaha hiyo iko juu tu ya mashua za uokoaji: unainama kwenye kingo utazame maji, unaona paa la rangi ya chungwa. Bei ikiwa nafuu kuliko vyumba jirani, mwulizeni wakala kama mandhari yamezibwa.

Kagueni pia sitaha iliyo juu na iliyo chini ya chumba. Vyumba pande zote mbili, mtalala. Bwawa au mgahawa ukiwa juu, viti huburutwa alfajiri. Na msinunue tiketi ambayo kampuni ndiyo hupanga namba ya chumba. Unafuu wake hauwafai nyinyi.

Viza je? Meli ikitia nanga Tunisia kisha ikarudi Ulaya, ombeni viza ya Schengen, ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, ya kuingia zaidi ya mara moja.